Kratomu: pakiti moja, halali Georgia, jela Alabama. Tuliopo Marekani tupite hapa

ZamuYaUsiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuandika kwa sababu ya usiku wa Jumanne. Nauza dukani kwenye sheli moja nje kidogo ya Atlanta, naingia saa nne usiku natoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye saa nane hivi akaingia mzee wa kwetu, Muha wa Kasulu, dereva wa lori. Tunafahamiana, hujaza kahawa yake hapo kila akipita. Siku hiyo alitembea ameshika kiuno. Akaninyooshea kidole pakiti ya kijani iliyokuwa nyuma yangu, imeandikwa KRATOM kwa herufi kubwa. Mwenzake wa barabarani alimwambia ni majani tu, sawa na mwarobaini, yanatuliza mgongo na hayaleti usingizi.

Nikamuuliza, "Shikamoo tena mzee wangu, leo unaelekea wapi?"

"Dallas, kwa I-20."

Nikairudisha pakiti kwenye rafu.

Sikuirudisha kwa sababu ni haramu hapa. Georgia inaruhusiwa, ukishatimiza miaka 21 na ukaonyesha kitambulisho. Ila ukitoka Atlanta kwa barabara kuu ya I-20 kuelekea magharibi, kama saa moja tu unaingia Alabama, na Alabama tangu 2016 imeiweka kratomu kwenye daraja la kwanza la dawa za kulevya, kundi moja na heroini. Ukivuka unafika Mississippi, ambako kuna kaunti na miji iliyojipigia marufuku yenyewe. Halafu Louisiana, iliyofunga jimbo zima kuanzia tarehe 1 Agosti 2025. Halafu Texas, ambako ni halali tena, tena kwa kijana wa miaka 18. Barabara moja, pakiti moja, na mzee wa watu angekuwa mteja halali, kisha mhalifu, kisha inategemea yuko kaunti gani, kisha mhalifu, kisha mteja halali. Na hakuna kibao barabarani kinachomwambia.

Kwa wasioijua: kratomu ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki, kuanzia Thailand na Malaysia mpaka Indonesia na Papua New Guinea. Ni wa familia moja na mbuni wa kahawa. Jina lake la kitaalamu ni Mitragyna speciosa. Vibarua na wakulima wa kusini mwa Thailand wameyatafuna majani yake mabichi vizazi na vizazi ili wahimili jua na kazi. Kidogo kinachangamsha. Kingi kinalegeza na kupunguza maumivu, kwa sababu kemikali yake kuu, mitraginini, inakwenda kukaa pale pale ubongoni inapokaa mofini, ingawa haipashiki kwa nguvu zote. Mzigo mwingi unaoingia Marekani unatoka Kalimantan Magharibi, Indonesia, umeshakaushwa na kusagwa kuwa unga.

Serikali kuu ya Marekani imeshindwa kukata shauri. Agosti 2016 DEA, idara ya kupambana na dawa za kulevya, ilitangaza kwamba itaiingiza daraja la kwanza kwa dharura. Watumiaji wakaandamana mpaka mbele ya White House, wabunge wakaandika barua, na Oktoba mwaka huo huo DEA ikaliondoa tangazo lake. Wizara ya Afya ikapendekeza marufuku 2017, ikalifuta pendekezo lake 2018. FDA, mamlaka ya chakula na dawa, nayo inasema mpaka leo kwamba kratomu haijaidhinishwa kuwa dawa, wala kirutubisho, wala kiungo cha chakula. Basi haijakatazwa na haijaruhusiwa, na kila jimbo likajipikia chungu chake. Indiana na Wisconsin zilifunga 2014. Vermont, Arkansas na Alabama 2016. Rhode Island 2017, na 2025 bunge lake likapitisha sheria ya kuifungulia, mwaka ule ule ambao Louisiana ilikuwa inafunga. Utah 2019 ilikuwa ya kwanza kushika njia nyingine: uza, lakini sajili bidhaa, pima maabara, andika lebo, usimuuzie mtoto. Georgia, Arizona na Nevada zikafuata mwaka huo huo. Georgia ikakaza zaidi kuanzia Januari 2025: umri ukapanda kutoka 18 hadi 21, mzigo ukahamishiwa nyuma ya kaunta, na za kuvuta kama sigara zikakatazwa.

Sasa naomba msome hapa taratibu, maana ndipo penye uzi wenyewe.

Kwenye rafu ile ile, karibu na pakiti za unga, kwa muda mrefu pamekaa vidonge vidogo vya rangi vimeandikwa 7-OH. Wateja wengi wanaviita kratomu. Bosi aliviita kratomu. Mimi niliviita kratomu. Hiyo 7-OH ni kemikali ambayo kwenye jani ipo kidogo mno, chini ya asilimia 2 ya alkaloidi zote (kemikali za asili za jani zinazoleta nguvu yake), na vipimo vya maabara vinaonyesha inashika zile sehemu za mofini kwa nguvu kuliko mofini yenyewe. Kiwandani wanaichukua mitraginini wanaigeuza kuwa 7-OH, wanaigandamiza kidonge.

Piga hesabu. Kidonge kimoja cha miligramu 20 za 7-OH. Tuseme jani limebeba kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa na sheria za majimbo mengi, asilimia 2 ya alkaloidi. Ili upate miligramu 20 unahitaji gramu nzima ya alkaloidi. Unga wa jani una alkaloidi kama asilimia moja na nusu ya uzito wake. Maana yake ungekula gramu 66 na ushee za unga kwa mkupuo. Hakuna mkulima wa Thailand aliyewahi kufanya hivyo, tumbo lingemkatalia kabla hajafika nusu. Kidonge kinamezwa kwa funda moja la soda.

Julai 2025 FDA ilipendekeza 7-OH iingizwe kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na mkuu wake, Marty Makary, akasema wazi kwamba shabaha si jani la asili. Agosti mwaka huo mwanasheria mkuu wa Florida akaipiga marufuku 7-OH iliyokolezwa kwa kanuni ya dharura, huku unga wa jani ukiendelea kuuzwa kwa wenye miaka 21. Hapo naona kuna watu wameanza kuelewa wanashughulika na nini.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu niliviuza. Kuna kijana mpaka rangi wa majumba, mstaarabu, alikuwa ananunua unga mara moja kwa wiki. Siku moja unga uliisha, nikampa vidonge. Nikamwambia, "ni kitu kile kile." Hayo ndiyo maneno yangu. Baada ya miezi miwili alikuwa anakuja kila usiku, dola 30 na ushee kila usiku, mikono inamtetemeka anapohesabu. Lebo haikuniambia kitu. Sheria iliniambia niangalie kitambulisho, nikaangalia, umri ulitosha. Nilifuata sheria yote niliyoambiwa na bado nikamfikisha pale.

Ninachokiamini ni kwamba sheria ya jimbo imkamate anayetengeneza na kukoleza, ipime kilichomo ndani ya pakiti kwa miligramu, na isiuchukulie unga wa jani na kidonge cha kiwandani kuwa kitu kimoja. Kuliacha zigo lote kwa muuza duka wa zamu ya usiku si kudhibiti.

Karibuni. Hasa madereva na wenye taaluma ya afya.

---

MtuWaIgembe

Asante kwa uzi, ndugu. Niko Minneapolis, nyumbani ni Maua. Sisi watu wa Meru hii hadithi tunaijua kwa mwili.

Miraa ilikuwa halali Uingereza mpaka 24 Juni 2014, siku moja ikawa kosa. Mimi nilikuwa bado nyumbani, nikaona vile pickup za usiku za kukimbiza mzigo Nairobi zilipungua. Hapa Marekani kathinoni, ile kemikali ya miraa mbichi, iko daraja la kwanza tangu 1993. Mzee wangu akinitumia kibunda kimefungwa kwa majani ya ndizi vile anafunga kila siku, nitakuwa na kesi. Lakini nikitoka nje sasa hivi naingia petrol station yoyote nanunua kratomu. Sijui ni nani alipima akaona jani la Mmeru ni baya kuliko jani la Mthai.

Na hapo kwa kidonge umesema kweli kabisa. Kathinoni ya miraa inaisha nguvu ndani ya siku mbili hivi, ndio maana mzigo unakimbizwa. Jani lenyewe linajiwekea mpaka. Halafu watu wa maabara wakatengeneza kathinoni zao, wakaziuza huku kwa jina la chumvi za kuogea, dukani, kwa pakiti za rangi, mpaka Congress ikazifungia 2012. Wazee wa Igembe wametafuna miaka mingi na hawajawahi kuona mtu akipata wazimu wa ile chumvi. Jani na mtoto wa maabara hawafanani hata kama wanashiriki jina.

---

Mama_Tanga

Mdogo wangu ZamuYaUsiku, nimekusoma mpaka mwisho na nimesikia uchungu wako. Ila mimi nasema ifungwe yote. Jani, unga, kidonge, chote.

Nimezaliwa Tanga. Kaka yangu wa pili alikuwa teja miaka tisa. Nimemwona akiwa na arosto sakafuni, anajikunja kama mtoto, anamwomba mama amfungue kamba. Ameokolewa na soba hausi na baadaye dozi ya methadoni, na mpaka leo sithubutu kusema amepona, nasema yuko salama leo. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna kitu kinakwenda kukaa pale pale inapokaa mofini, lakini "hakipashiki kwa nguvu zote", na kinauzwa karibu na pipi, mimi sihitaji hesabu ya miligramu.

Mnasema jani halina shida. Kaka yangu naye alianza na kitu kilichosemwa hakina shida.

---

ZamuYaUsiku

Dada yangu, shikamoo. Sina jibu la kumshinda mtu aliyemshika kaka yake sakafuni, na sitajaribu. Nakubali pia kwamba sikusema wazi: unga wa jani nao una arosto yake kwa anayeutumia kila siku kwa wingi. Nimekutana na watu wanaokunywa vijiko vinne mara nne kwa siku, na wakiacha wanaumwa mwili mzima.

Kinachonizuia kusema "fungeni vyote" ni Thailand. Wao waliifunga kabla ya wote, sheria ya 1943, wakati ambao serikali ilikuwa inakusanya kodi ya afyuni na watu walikuwa wanaikimbia afyuni kwa kutafuna jani. Wakaishi na marufuku hiyo karibu miaka themanini. Miti ilikatwa, wakulima walifungwa, kutafuna hakukuisha. Agosti 2021 wakaitoa kwenye orodha ya dawa za kulevya, na watu zaidi ya 12,000 wenye kesi na vifungo vya kratomu wakafaidika. Mwaka uliofuata wakaitungia sheria yake peke yake: marufuku kumuuzia aliye chini ya miaka 18, mjamzito au anayenyonyesha. Hao ndio wenye mti. Hawakusema hauna madhara, walisema jela haikuwa dawa yake.

Na hapa jirani yangu Alabama wamefunga tangu 2016. Sheli za upande wetu karibu na mpaka zinajaa namba za magari ya Alabama. Nawaona kwa macho yangu.

---

DerevaMbozi

Wakuu mimi ndio hao wa I-20, miaka sita sasa. Nina swali kwa mwanzisha uzi. Mimi nikinunua hapo kwako, pakiti haijafunguliwa, risiti ninayo, imeandikwa Georgia, saa na tarehe. Polisi wa Alabama atanifanya nini? Si nimenunua kihalali?

---

ZamuYaUsiku

Risiti inathibitisha tu kwamba ni yako, mkuu. Kosa la Alabama ni kuwa nayo mkononi ukiwa ndani ya Alabama. Hawaangalii ulinunua wapi. Wewe mwenyewe ungempa ushahidi.

---

DerevaMbozi

Daah. Nimekuelewa. Nimevuka na hiyo kitu kwenye droo ya kitanda cha lori siyo chini ya mara kumi.

Niongezee moja kwa madereva wenzangu. Kipimo cha mkojo cha DOT, wizara ya usafirishaji, hakitafuti kratomu, na ndio maana imeshika sana kwetu, jamaa wanaambizana "hii haionekani". Lakini kanuni za shirikisho za udereva hazisemi tu vitu vilivyo kwenye kipimo. Zinakataza pia kitu kingine chochote kinachokufanya ushindwe kuendesha salama. Ukipata ajali na wakaikuta kwenye lori, wakili wa upande wa pili hatauliza kama ilikuwa kwenye kipimo. Nimeshaona dereva mwenzetu anasinzia kwenye kizimba cha kupimia uzito baada ya kunywa kile kichupa kidogo cha kratomu ya kukolezwa. Akaniambia alitaka kuchangamka.

---

NesiWaDekalb

Habari zenu. Mimi ni nesi wa dharura, na nimeshapokea wagonjwa wa hivi vitu, kwa hiyo nitasema kinachonikuta kitandani.

La kwanza ni kwamba hawatuambii. Tunamuuliza mtu "unatumia dawa gani?" anataja ya presha, anataja ya sukari, anaruka ile poda kwa sababu kwake si dawa, ni majani. Ukiona mgonjwa wa kwetu, Mtanzania, Mkenya, Mkongo, ndiyo kabisa. Tumelelewa hivyo: cha mti hakina ubaya. Na kipimo chetu cha kawaida cha mkojo hakiionyeshi, kwa hiyo usipotaja sijui.

La pili, mitraginini inalizuia ini kuvunja dawa nyingine. Kuna kimeng'enya kinaitwa CYP2D6 ambacho ndicho kinachoshughulikia metoprololi ya moyo, dawa kadhaa za sonona, na pia tramadoli. Ukikizuia, dawa inarundikana mwilini, au inashindwa kufanya kazi, inategemea ni ipi. Mzee wa miaka 60 mwenye dawa ya mapigo ya moyo akiongeza vijiko vya kratomu, mapigo yanaweza kushuka na hakuna atakayejua kwa nini. Tramadoli na kratomu pamoja siitaki hata kuisikia, kwa sababu ya degedege.

Kuna pia ini lenyewe. Si wengi, lakini wapo wanaokuja macho ya manjano, mkojo rangi ya chai, mwili unawasha, baada ya wiki chache za kutumia. Ukiona hivyo acha siku hiyo hiyo, njoo.

Kuhusu vifo, naomba tuseme ukweli wote bila kuchagua upande. CDC, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, walichambua vifo vya kuzidisha dawa vya Julai 2016 hadi Desemba 2017, zaidi ya 27,000. Kratomu ilipatikana kwa watu 152. Kati yao 91 ilitajwa kuwa mojawapo ya sababu za kifo. Waliokutwa na kratomu peke yake bila kitu kingine walikuwa 7, na hata hao haikuwezekana kuhakikisha kabisa kwamba hawakuwa na kingine. Wengi walikuwa na fentanili au heroini. Kwa hiyo anayesema "haijawahi kuua" anakosea, na anayesema "ni sawa na fentanili" anakosea pia. Takwimu hizo ni za kabla vidonge vya 7-OH havijajaa madukani. Msizitumie kuvitetea.

Mtu akizidiwa, amelala haamki, anapumua kwa kusuasua: mpe Narcan (dawa ya kupuliza puani ya kumzindua aliyezidiwa na dawa za jamii ya mofini) kama unayo, piga 911. Inaweza kusaidia kwa sababu ni sehemu zile zile za ubongo. Usingoje kujua alimeza nini.

---

Bukavu_Clarkston

Jambo ba kaka na ba dada. Miye niko mu Clarkston, natoka Bukavu. Baba yangu mudogo anafanyaka kazi mu kiwanda cha kuku. Mikono inamuumaka sana. Mutu wa kazi alimupatia ile poda, akamwambia ni dawa ya kienyeji. Baba mudogo akafurahi, akasema ni kama mubirizi yetu, iko buchungu vile vile, kitu buchungu inaponyaka. Sasa anaikunywa asubui mbele ya kazi na mangaribi.

Kwenye pakiti kuko maneno mingi lakini yeye hasomake Kiingereza. Miye ninasomaka lakini sielewi. Imeandikwa "MIT 45%". Iyo ni nini? Iko mubaya?

---

ZamuYaUsiku

Ndugu yangu, hapo si unga wa jani tena. Unga wa kawaida una mitraginini kama asilimia moja na kitu ya uzito. Ikiandikwa asilimia 45 ina maana imekolezwa, mara thelathini au arobaini ya jani. Baba mdogo akichota kijiko kile kile alichozoea kuchota cha unga, atameza kitu tofauti kabisa. Mwambie asiongeze hata kidogo. Na asiache ghafla bila kuongea na mtu wa afya, kama ameshaitumia kila siku kwa muda.

Swali lako ndilo linalonionyesha udhaifu wa hata zile sheria tunazoziita nzuri. Majimbo mengi yaliyofuata mfano wa Utah, Texas mojawapo kwa sheria yake ya 2023, yaliandika kwamba 7-OH isizidi asilimia 2 ya alkaloidi. Asilimia ya nini? Ya kilichomo. Ukikoleza kila kitu mara ishirini, asilimia inabaki ile ile na sheria imeridhika, lakini miligramu zimepanda mara ishirini. Asilimia haimlindi baba mdogo. Anahitaji lebo inayosema: kijiko hiki kina miligramu kadhaa, usizidishe kadhaa kwa siku, usinywe na dawa hizi.

Na hata hiyo asilimia inapimwa na nani? Mara nyingi ni karatasi ya maabara aliyoileta mtengenezaji mwenyewe. Chama kikubwa kinachozisukuma hizi sheria kwenye mabunge ya majimbo ni American Kratom Association, cha watetezi wa biashara na watumiaji. Siwalaumu, bila wao nchi nzima ingefunga. Lakini bunge likipokea rasimu kutoka kwa anayetetea mzigo, inabidi liwe na wakaguzi wake wa kwenda dukani, kununua pakiti bila kujitambulisha na kuipima. Miaka miwili kaunta, sijamwona hata mmoja.

Mwaka 2018 watu 199 katika majimbo 41 waliugua salmonela, bakteria wa kuharisha, iliyofungamanishwa na kratomu. Kampuni moja ilipokataa kuondoa mzigo wake sokoni, FDA ililazimika kutoa amri ya lazima, ya kwanza ya aina hiyo katika historia yake. Hapo hatuzungumzii ulevi, tunazungumzia usafi wa kawaida wa chakula, ambao hata muuza chapati wa Kariakoo anaulizwa na bwana afya.

---

Mama_Tanga

Nimerudi. Hilo la asilimia na miligramu nimelielewa, na limenitisha kuliko nilivyokuwa.

Bado nasema mfunge vya kukolezwa vyote. Kwenye jani tutabishana siku nyingine.

---

KalamuNaKanuni

Niseme la uhamiaji kwa kifupi maana naona hakuna aliyeligusa, na ndilo linalotutenganisha sisi na mteja Mmarekani. Mimi ni msaidizi wa wakili, si wakili, kwa hiyo hili si ushauri wa kesi yako.

Mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa dawa ya kulevya anaweza kufukuzwa nchini, hata awe na green card. Mwaka 2015, kwenye kesi ya Mellouli dhidi ya Lynch, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema dawa hiyo lazima iwe ile iliyo kwenye orodha ya shirikisho, haitoshi kuwa kwenye orodha ya jimbo peke yake. Kratomu haijaingia orodha ya shirikisho. Hiyo ni nafuu, lakini msiilalie. Kukamatwa kwenyewe kunaandikwa, fomu ya uraia inauliza kama uliwahi kukamatwa, na utalipa wakili wa kukueleza tofauti hiyo mbele ya afisa. Na ile 7-OH ambayo FDA imeshaipendekeza, siku ikiingia orodha ya shirikisho, kinga hiyo kwa vidonge itakuwa imekwisha. Aliye na pakiti kwenye gari na makaratasi mezani, aitupe kabla ya mpaka wa jimbo.

Msikubali pia kukiri kosa "dogo" mahakamani ili muende nyumbani mapema. Mwite mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusema ndiyo.

---

ZamuYaUsiku

MREJESHO

Wakuu, nilimwendea bosi na hesabu zile za gramu 66, nimeziandika nyuma ya risiti. Alinyamaza muda mrefu. Akasema yeye alinunua mzigo kwa msambazaji aliyemwambia ni kratomu, na hakuwahi kuuliza zaidi. Vidonge vya 7-OH vimetoka rafuni tangu Ijumaa. Unga umebaki, na tumekubaliana sitauza kile kimiminika cha kukolezwa kwa mtu ambaye hajaelewa kilichomo.

Mzee wa Kasulu alipita jana akirudi kutoka Dallas. Alinunua kahawa na plasta ya moto ya mgongo. Anasema Shreveport, Louisiana, walimsimamisha, wakamkagua lori lote, wakamwachia.

Lakini Jumamosi saa tisa usiku alikuja yule kijana wa rangi. Nikamwambia vidonge havipo. Hakugomba. Aliuliza tu kama nina hakika. Alikuwa anatoka jasho na nje kuna baridi. Nikamweleza nilichopaswa kumweleza siku ile ya kwanza, na nikamwomba radhi kwa yale maneno "ni kitu kile kile". Akakaa kwenye gari lake, kwenye maegesho, taa zimezimwa, mpaka zamu yangu ikaisha. Nilimpelekea maji na chumvichumvi ya pakiti. Ananiambia anataka kuacha ila anaogopa kwenda hospitali, wataandika kwamba ni teja na kazi ataikosa, ana mtoto mdogo.

Dada nesi, nifanye nini? Nilipomwondolea vidonge nilidhani nimemsaidia, na sasa anaweza kuvitafuta kwenye sheli nyingine ya mbali bila mtu wa kumwangalia.

---

NesiWaDekalb

Ulivyokaa naye ni vizuri. Arosto ya 7-OH inatibika kama ya opioidi nyingine, yaani dawa za jamii ya mofini. Ipo dawa ya buprenofini, anapewa kliniki ya kawaida, halazwi, na mwajiri wake haambiwi. Usiku akizidiwa tena, namba ya bure ya SAMHSA, shirika la serikali la afya ya akili na uraibu, ni 1-800-662-4357, inapokea saa zote, na siri yake inabaki siri.

Njoo PM nikupe jina la kliniki, nipo zamu huko Jumatatu kuanzia saa mbili asubuhi. Mwambie aje na pakiti zake zote, hata zilizoisha, nataka kusoma lebo. Na wewe umsindikize, maana akija peke yake ataishia kwenye maegesho.